Triatloni ya kila juma: ni nani mwenye kusema « leo hapana »?

Triatloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, moja kiisha ingine, na saa haisimami katikati. Kwa vijana wa Kabondo-Dianda, katika jimbo la Haut-Lomami, mchezo huu unaonekana kuwa wa bei ndogo. Kinga, ndiyo baiskeli, iko kwa watu wengi. Njia ziko. Maji nayo hayakosekani katika jimbo lenye mto Lualaba na maziwa ya Upemba na Kisale.

Lakini maji hayo hayo ndiyo yenye mamba na viboko, na njia hizo hizo ndizo wanapita wachukuzi wa makala, pikipiki na malori. Mashindano ya mara moja kwa mwaka yanakuwa na maafisa, waganga na watu wengi wenye kuangalia. Mbio za kila juma hazina vyote hivyo. Zinalindwa na watu wachache, tena wale wale, na kadiri majuma yanavyopita bila ajali, ndivyo ulinzi unavyolegea. Mwenye mtumbwi anachelewa, mbio zinaanza bila yeye, na hakuna kinachotokea. Juma linalofuata hakuna hata anayeuliza yuko wapi. Wazee walisema mazoea yana taabu.

Kwa hiyo, kitu cha kwanza ambacho klabu ya kila juma inahitaji ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzuia mbio. Mambo mengine yote yaliyo hapa chini yanasimama juu ya mtu huyo.

Mchezo ulitoka wapi, na kwa nini kuogelea kunakuja kwanza

Mbio zinazohesabiwa kuwa triatloni ya kwanza ya kisasa zilifanyika tarehe 25 Septemba 1974 pa Mission Bay, katika mji wa San Diego, Marekani. Watu 46 walishiriki. Siku hiyo walikimbia kwanza, wakapanda baiskeli, na kuogelea kukawa mwisho. Zilikuwa mbio za jioni. Giza liliingia wakati wengine wangali ndani ya maji, na magari yakawashwa taa kuelekea majini ili waone pa kutokea.

Leo mpango umegeuzwa: kuogelea ni kwanza, wakati mtu angali na nguvu na akili timamu. Aliyechoka kwa kukimbia anaweza kukaa chini kando ya njia. Aliyechoka ndani ya maji hana pa kukaa. Kwa hiyo klabu isikubali kamwe kuweka kuogelea mwisho, hata kama watazamaji wanapenda kuona mshindi akitoka majini.

Triatloni iliingia katika Michezo ya Olimpiki pa Sydney, mwaka 2000, kwa umbali wa kuogelea kilometa 1,5, baiskeli kilometa 40 na kukimbia kilometa 10. Karibu na majimbo yetu ya mashariki, watu wa Goma wanakumbuka mashindano makubwa ya Ironman 70.3 yaliyofanyika Agosti 2022 pa Rubavu, ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda. Hapo washindani waliogelea kilometa 1,9 ndani ya ziwa Kivu, wakapanda baiskeli kilometa 90, wakamaliza kwa kukimbia kilometa 21.

Lakini kijana wa Kabondo-Dianda aliyeona picha za Rubavu asichukue somo baya. Ziwa Kivu linajulikana kwa kutokuwa na mamba wala viboko. Lualaba si hivyo. Kinachowezekana pa Kivu hakiwezekani moja kwa moja pa Bukama ao pa Kikondja.

Klabu ya kila juma haina haja ya umbali mkubwa. Kipimo kifupi kinachojulikana katika mchezo huu ni mita 400 za kuogelea, kilometa 10 za baiskeli na kilometa 2,5 za kukimbia. Kinatosha kabisa kwa asubuhi moja.

Hatari kubwa iko majini

Watu wengi wanaogopa njia kuliko maji, juu ya malori. Hesabu inaonyesha kingine. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2017 ulikusanya vifo na kusimama kwa moyo katika mashindano ya triatloni tangu 1985 hadi 2016. Watu 135 walipatikana. Kati yao, 90 walipatwa wakiwa wanaogelea. Wengi walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa miaka 46 na zaidi kidogo. Hiyo ni nchi yenye ambilansi na waokoaji wenye kulipwa. Klabu isiyo na hata kimoja cha hivyo inapaswa kuogopa maji zaidi.

Mara nyingi mwenye kuzama hapigi kelele. Anatumia pumzi yote kubakiza kinywa juu ya maji, mikono inapiga maji bila kwenda mbele, kiisha anapotea. Watu walio pwani wanaweza kudhani anacheza. Ndiyo sababu mlinzi wa maji hapaswi kuwa na kazi ingine: si kupiga picha, si kushika saa, si kuongea kwa simu.

Kabla ya kuchagua pa kuogelea

Watu wa kuuliza ni wavuvi, na wamama wanaoteka maji pale kila siku. Wao wanajua mamba alionekana wapi na lini. Ikiwa wanasema mamba wako, ao viboko wanapita hapo, neno limekwisha: hapana kuogelea. Mtumbwi wa ulinzi unasaidia mtu aliyechoka, lakini haumzuii mamba.

Saa nayo ina maana. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Mtu anayesimama kati yake na maji wakati huo yuko katika hatari kubwa. Mamba naye anawinda sana giza linapoingia na linapotoka. Kwa hiyo kuanza kabla ya jua, ili kukimbia joto, si akili nzuri pembeni ya mto.

Upande mwingine kuko kichocho, ugonjwa ambao wengine wanauita bilarziozi. Vijidudu vyake vinatoka ndani ya konokono wa maji baridi na kuingia kwa ngozi ya mtu katika dakika chache tu. Kwa aina inayoshambulia matumbo, vinatoka kwa wingi jua likiwa juu, kuelekea saa sita. Kujipangusa haraka kwa kitambaa hakutoshi kuvizuia. Tena mtu anaweza kukaa majuma mengi bila kujua kama ameambukizwa. Dawa iko, inaitwa prazikwanteli, na inatolewa na mganga. Klabu inayoogelea kila juma ndani ya maji ya aina hiyo inapaswa kuongea na kituo cha afya juu ya kupimwa na kutibiwa, si kungoja damu ionekane.

Kwa hiyo nafasi inayobaki ni fupi: jua likiwa limekwisha kupanda vizuri, lakini asubuhi bado. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa ya kufikiri. Hata hapo hatari ya kichocho inapunguka tu, haiishi. Pwani yenye majani mengi na maji yaliyotulia ndiyo konokono wanapenda.

Kolera nayo haijawahi kuwa mgeni katika zone za afya zinazopakana na maziwa ya Upemba. Maji ya mto yakiingia kinywani yanatemwa. Na maji ya kunywa ya washindani hayatekwi hapo hapo pwani: yanachemshwa ao kutiwa klori nyumbani, yanaletwa katika bido lenye kifuniko, na kila mtu anakuja na kikombe chake.

Tena kuko mwendo wa maji. Mlinzi anatupa kijiti na kuhesabu. Kijiti kikipita mita 10 kwa sekunde 20, maji yanakwenda nusu mita kila sekunde. Mtu anayeanza kujua kuogelea hawezi kushindana nayo kwa muda mrefu. Kuelekea mwisho wa majira ya mvua, mto ukijaa, maji yanabeba pia miti na mafungu ya majani yanayoelea. Kwa upande wa Kisale, matete yanaelea kama visiwa vizima, na mtu akiingia chini yake hatoki kwa urahisi.

Namna ya kupanga sehemu ya maji

Njia ya kuogelea inapita sambamba na pwani, haikati mto wala haielekei katikati ya ziwa. Inafaa mtu mzima aweze kusimama karibu pote. Mita 100 zikipimwa na kuzungukwa mara 4, zinatimiza mita 400. Mabido matupu ya njano, yaliyofungwa kwa kamba na mawe, yanaonyesha mpaka. Mtu akichoka anaweza kushika bido na kupumzika bila kuondolewa mashindanoni. Hii inapaswa kusemwa wazi kabla, maana wengi wanazama juu ya haya ya kuomba msaada.

Mitumbwi miwili, si mmoja. Kila mmoja una mtu wa kupiga kasia na mtu wa kuangalia, pamoja na kamba na bido tupu la kutupa. Mvuvi anayekaa saa mbili akilinda vijana amepoteza samaki wa asubuhi hiyo. Klabu imlipe. Ulinzi wa bure unadumu majuma mawili ao matatu, kiisha mvuvi anarudi kwa nyavu zake.

Washindani wanaingia kwa vikundi vya watu 5 ao 6, si wote pamoja. Kila mmoja anafunga kichwani kitambaa cha rangi inayoonekana. Anayetaka kuingia kwa mara ya kwanza anapimwa siku ingine, bila mashindano: aogelee mita 200 karibu na pwani bila kusimama, kiisha aelee dakika 2. Asiyeweza anakimbia na kupanda kinga tu, na jina lake linabaki katika orodha ya klabu kama la wengine.

Watoto wanafuata wakubwa. Wanapoona kaka zao wanaruka majini, nao wanaruka, na macho yote yako kwa washindani. Mtu mmoja awekwe kwa kazi hiyo tu: kuhakikisha hakuna mtoto ndani ya maji.

Hesabu ya wanaoingia na wanaotoka

Kila mshindani anaandikwa nambari kwa mkono. Mwandishi anayo karatasi yenye nambari zote. Anaweka alama moja mtu anapoingia majini na alama ya pili anapotoka. Vivyo hivyo kwa kinga na kwa kukimbia. Mitumbwi haiondoki mpaka alama zilingane.

Shida inayojirudia ni ya mtu aliyechoka, akatoka majini pembeni na kwenda nyumbani bila kusema. Wengine wanaanza kumtafuta chini ya maji wakati yeye anakunywa chai. Klabu inafaa iwe na sheria ngumu juu ya jambo hili: anayeacha mbio anafika kwanza kwa mwandishi. Asiyefanya hivyo hashiriki juma linalofuata, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote.

Mtu akizama

Mwokoaji asiruke majini kama hana kitu cha kuelea. Anayezama anamshika mwokoaji na wote wawili wanakufa. Kwanza ni kunyoosha mti mrefu, kutupa kamba ao bido, kisha mtumbwi.

Akiisha kutolewa, asining'inizwe kichwa chini wala kukandwa tumbo. Desturi hiyo iko kila mahali lakini inapoteza dakika, na inaweza kumfanya atapike na matapishi yaingie mapafuni. Kama hapumui, analazwa chali, kichwa kinarudishwa nyuma kidogo, pua inafungwa, na anapewa pumzi 5 kinywa kwa kinywa. Kama haonyeshi uhai, kifua kinakandamizwa katikati mara 30, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, haraka ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena, bila kuacha mpaka apumue ao mganga afike. Kazi hii inachosha, watu wapokezane. Watu wa Msalaba Mwekundu wanafundisha mambo hayo, na klabu yenye watu wawili waliofundishwa haiko sawa na klabu isiyo na hata mmoja.

Aliyemeza maji na anakohoa anakwenda kituo cha afya hata kama anasema yuko mzima. Mapafu yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Njia, reli na kinga

Kabondo-Dianda iko juu ya reli, kati ya Bukama na Kamina. Mbio zisitegemee saa za treni zilizoandikwa. Ikiwezekana njia ya mashindano isikate reli hata mara moja. Isipowezekana, mtu anasimama pale na kitambaa chekundu, na mshindani anashuka, anasukuma kinga kwa miguu, na dakika hiyo haihesabiwi. Kukimbia kati ya vyuma vya reli kunakatazwa kabisa.

Njia nzuri ya klabu ndogo ni kwenda na kurudi kwa barabara moja, kila mtu akibaki upande wake wa kuume. Pa kugeukia panakuwa na mlinzi, maana hapo watu wanakatana. Siku ya soko haifai. Wachukuzi wenye magunia juu ya kinga hawawezi kukwepa haraka, na wao wako kazini: mshindani ndiye mwenye kupunguza mwendo.

Wakati wa kiangazi lori moja linaacha vumbi ambalo linafunika njia yote. Mshindani aliyeingia katika vumbi hilo haoni pikipiki inayokuja nyuma. Moshi wa pori linalochomwa unafanya vile vile. Sheria ni kusimama kando mpaka kuonekane tena.

Kinga inachunguzwa kabla: breki mbili zinashika, usukani haulegei, gurudumu haliyumbi. Breki ya kukanyaga kwa kiatu haihesabiwi. Sheria za kimataifa zinadai kofia ngumu ifungwe kidevuni kabla ya mshindani kugusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli irudishwe mahali pake. Kofia zikiwa chache, klabu inaweza kuzipokezana: watu 6 wenye kofia wanaondoka, wengine wanangoja.

Maafisa wanajulishwa mapema. Barua kwa mkuu wa komini na kwa polisi, neno kwa chifu wa kartiye, na tangazo kwa radio siku mbili mbele, vinasaidia kuliko firimbi kumi. Pikipiki moja yenye mafuta na dereva asiyeshiriki inabaki pale kwa ajili ya mgonjwa. Na mtu anakwenda kuuliza, siku ile ile, kama muuguzi yuko kazini.

Radi na joto

Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi kuliko zote duniani. Orodha ya wanasayansi ya mwaka 2016 iliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Ngurumo ikisikika, wote wanatoka majini, wanashuka kwenye kinga na kuingia ndani ya nyumba, si chini ya mti. Mbio zinaanza tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, dakika zinahesabiwa upya.

Joto nalo linaua polepole. Mkimbiaji anayepepesuka, anayejibu maneno yasiyoeleweka, hapaswi kutiwa moyo amalize. Anawekwa kivulini, anamwagiwa maji mwili mzima na kupepewa, kisha anapelekwa kwa mganga.

Siku ya kusema hapana

Mwenye neno la mwisho hashindani siku hiyo. Anachaguliwa kwa zamu, na zamu inaandikwa mwezi mzima mbele. Anaposema hapana, hakuna kura. Hata rais wa klabu hawezi kumpindua. Kazi yake ni nyepesi zaidi kama sababu zimeandikwa mbele: mtumbwi mmoja haukufika, mamba ameonekana juma hilo, kijiti kinakwenda haraka, ngurumo, hakuna muuguzi, hakuna pikipiki. Moja tu ikitimia, hakuna kuogelea. Kama ni ngurumo, muuguzi ao pikipiki, hakuna mbio kabisa.

Kukosa maji si kukosa mchezo. Hata katika mashindano makubwa, kuogelea kukizuiwa, mbio zinageuzwa kuwa duatloni: kukimbia, baiskeli, kisha kukimbia tena. Umbali mfupi unaojulikana ni kilometa 5, kilometa 20 na kilometa 2,5. Pa Kabondo-Dianda, na mahali pengi pa Haut-Lomami, inafaa duatloni iwe ndiyo mbio za kila siku ya posho, na kuogelea kuwe kitu cha siku chache zilizotayarishwa vizuri, wakati wa kiangazi, mahali wavuvi wamepakubali.

Vijana wengine watanung'unika na kusema bila maji si triatloni. Ni kweli, si triatloni. Lakini karatasi ya mwandishi itakuwa na majina yale yale aliyoandika asubuhi, na juma linalofuata watayaandika tena.